Mwalimu Bernadetha Rhobi Odoyo (1961–2022), Aliyewavua Watoto Viatu

Marehemu Mwalimu Bernadetha Rhobi Odoyo alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Nyarero, wilayani Tarime, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Wangwe na Mama Mokami, wakulima. Waliokua naye wanasema hakuwahi kutumwa akaenda kwa kutembea. Akitumwa chumvi dukani, alirudi kabla maji ya ugali hayajachemka, na mara nyingine alirudi mikono mitupu, kwa sababu alikimbia hadi akasahau alichotumwa.

Alisoma shule ya msingi kijijini kwao kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, kisha sekondari mjini Musoma hadi 1979. Alihitimu Chuo cha Ualimu Tarime mwaka 1981. Hapo chuoni hakuna msichana aliyempita katika mbio za mita mia nane, na familia haikuruhusiwa kulisahau jambo hilo.

Tarehe 15 Desemba 1984 alifunga ndoa na Bwana Elisha Odoyo, fundi seremala. Mawifi zake kutoka Migori walimtania, wakauliza kama kaka yao ataweza kumshika mwanamke wa mbio. Bibi harusi akawajibu, "Msiogope, mimi hapa nimefika." Walijaliwa watoto wanne. Mzee Odoyo alitangulia mwaka 2009.

Alifundisha miaka thelathini na tisa, yote wilayani Serengeti, na kila alipohamia alikuwa mwalimu wa michezo. Shule yake ya mwisho ipo kata ya Issenye. Hatuitaji jina, kwa heshima ya watoto wanaosoma pale. Mwaka 1994 alimpokea darasani hapo mtoto mwembamba aitwaye Joram Obura, aliyekimbia pekupeku. Marehemu alimpa raba zake mwenyewe, akajaza vitambaa mbele ili zimkae. Joram alishinda michezo ya wilaya mjini Mugumu, na kwa miaka mitatu alikula na kulala nyumbani kwa Mwalimu. Marehemu akiulizwa ana watoto wangapi, alisema watano.

Rashi ya dhahabu, watu wakikimbilia machimbo mapya, ilipopamba moto kule Tarime, Joram alikuwa tayari mnunuzi wa dhahabu mwenye jina. Mwaka 2015 alirudi shuleni na zawadi: uwanja wa riadha wa kisasa, wa chenga za matairi zilizogandishwa kwa gundi na kupakwa rangi ya kijani. Marehemu alilia mbele za watu siku alipouona. Harufu ilikuwa kali, akamuuliza, "Joram mura wangu, mwanangu, hii harufu vipi?"

"Ni ya upya tu, Mwalimu. Wiki mbili, imeisha."

Alimwamini, kama mzazi anavyomwamini mwanawe. Uwanja ulizinduliwa Jumamosi, tarehe 12 Septemba 2015, Joram akiwa mgombea udiwani. Watoto waliuita zulia. Na kwa kuwa kwetu huwezi kukanyaga zulia la mtu na viatu, marehemu aliweka sheria: viatu vinabaki nje ya mstari. Aliiweka kwa heshima ya zawadi.

Harufu haikuisha. Jua la mchana lilipowaka, gundi ililainika na kunata kwenye nyayo. Watoto waliumwa kichwa, macho yakatiririka, wengine wakatokwa damu puani. Sheila, wa darasa la nne, aliyekuwa na pumu tangu utotoni, alibanwa kifua katikati ya mbio na nyayo zake zikatoka malengelenge. Marehemu alimbeba mgongoni hadi zahanati. Kesho yake aliufunga uwanja bila kumuuliza mtu.

Wiki hiyo alikuja nyumbani Hamim, fundi aliyeumwaga ule mpira wa uwanja. Alisimama mlangoni, akakataa hata kukaa.

"Shikamoo, Mwalimu. Mimi nilimwambia Joram gundi hii si ya jua la hapa, na uwanja usikanyagwe miezi mitatu. Akasema uchaguzi haungoji gundi."

Marehemu alipanda bodaboda, akamfuata Joram. Joram hakukana. Aliinamisha kichwa, akamshika mikono, akaahidi kusema mwenyewe mbele ya wazazi. Marehemu alimsihi Hamim anyamaze. "Mwache aseme yeye," alimwambia. "Nilimlea."

Mkutano ulikaa tarehe 9 Oktoba 2015. Joram alisimama, akatoa pole ndefu, kisha akasema, "Lakini wazazi, tuulizane. Nyayo za watoto zimeunguaje? Nani aliwavua viatu?"

Watu wote waligeuka. Marehemu akasimama. "Ni mimi," akasema, akakaa. Bado alikuwa anamngoja mwanawe amalizie.

Joram alishinda udiwani. Marehemu alibaki na jina la Mwalimu Pekupeku, alilozomewa nalo mpaka sokoni. Iliuma, na inatuuma mpaka leo. Mpira ulipong'olewa mwaka 2017, wenzetu waligombania vipande vya kutandika nyumbani. Yeye alipita mlango kwa mlango akiwasihi wavitupe. Wengine walimcheka. Kwake mwenyewe, tangu siku ya mkutano, hakumruhusu mgeni kuvua viatu. "Ingia navyo," alisema, "sakafu itafagiliwa."

Alistaafu mwaka 2021. Kifua kilianza kumsumbua mwaka 2019, akatibiwa Mugumu na Musoma. Madaktari hawakusema kimetokana na uwanja, nasi hatusemi. Alifariki hospitalini Mugumu, Jumatatu tarehe 9 Mei 2022, saa moja asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake Felistas.

Chini ya mto wake tulikuta daftari lenye maagizo. Moja lilisema: "Andikeni kwamba mimi ndiye niliyewavua viatu, maana ni kweli. Yaliyobaki, Joram atasema." Alimngoja miaka sita na nusu. Utusamehe, Mama, hilo hatukuweza kulitii. Leo tumeyasema sisi, na Hamim yupo hapa, amekubali kuulizwa na yeyote. Sheila naye yupo, kidato cha nne sasa, na dawa yake ya pumu mkobani.

Marehemu ameacha wajukuu saba na watoto ambao majina yao tunayasoma kama alivyoyaandika kwa mkono wake: Felistas, Oduol, Gladys, Wangwe, na Joram. Tulikaa kikao kizima kuhusu jina hilo la mwisho. Wengine tulishika kalamu tulifute. Lakini mwandiko ni wa mama, na yeye hakulifuta.

Raba zake tumemvalisha. Mwalimu, lala salama mikononi mwa Bwana. Sasa watoto wa marehemu, kwa mpangilio huo, wapite mbele waweke udongo. Wa tano tutamngoja.