Mama Waya na Masega ya Viazi

Wasikilizaji wapendwa, kama birika linachemka huko jikoni, liacheni lichemke. Vuteni viti. Asubuhi hii tunamkumbuka fundi. Fundi wa pasi, feni na birika za umeme. Alifariki wiki iliyopita, nyumbani kwake, mchana, usingizini. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mmoja. Wateja wake walimwita Mama Waya.

Wengi wenu mlimjua kwa bisibisi. Ulimpelekea pasi iliyogoma kupata moto, akaitikisa karibu na sikio kama mtu anayepima yai, akakuambia urudi jioni. Lakini leo pasi tutaziweka kando. Tutazungumza kuhusu kifungua kinywa. Kuhusu viazi. Na kuhusu watoto watatu ambao fundi huyu hakuwazaa.

Habari hizi tumepewa na binti mkubwa. Leo ni mkunga, ana wajukuu. Wakati huo alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na alikuwa amefiwa na mama yake mzazi.

Baba yake alikuwa mpaka rangi. Alitoka alfajiri na kurudi na madoa meupe hadi kwenye kope. Nyumbani walibaki binti mkubwa, mdogo wake wa kiume, na kitinda mimba aliyekuwa bado ananyonya kidole. Nani apike? Binti mkubwa. Nani afue? Binti mkubwa. Alijifunga aproni ya marehemu mama yake, ikamfika kwenye vifundo vya miguu, akawa mwenye jiko.

Kisha baba akaitwa kupaka rangi chumba cha kazi cha fundi mmoja mwanamke. Kazi ya siku mbili ikamchukua karibu mwezi mzima. Majirani wakaanza kucheka chini chini. Mwisho wa yote, fundi akahamia pale nyumbani na sanduku moja la nguo na masanduku manne ya vifaa.

Binti alikuwa ameshasikia maneno ya mtaani. Mama wa kambo si mama. Hakugomba, wala hakununa mbele ya watu. Alichofanya ni kutoachia jiko. Alijipikia yeye na wadogo zake, wakala mapema, na sufuria ya fundi ikabaki juu ya meza inapoa.

Na tuseme ukweli, maana hata marehemu mwenyewe aliusema bila haya. Fundi hakujua kupika. Wali wake ulikuwa ama uji, ama changarawe.

Watoto hawakumwita mama. Hawakumwita hata shangazi. Walimwita Fundi, kama wateja wa dirishani. Baba alikasirika, akataka kuwakalisha chini. Fundi akamzuia.

“Waache,” alisema. “Jina halidaiwi.”

Binti alikuwa nyuma ya pazia. Alisikia. Akarudi jikoni na maneno yale kichwani.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, ikaja mashine. Mwenye hoteli mmoja alileta mashine ya kuchomea vikate vya unga na mayai viitwavyo wafo, zile za sahani mbili za chuma zinazofungwa kama kitabu, na ndani zina vijumba vidogo vidogo. Waya wake ulikuwa umeungua. Fundi alipoutengeneza, mwenye mali akasema ameshanunua nyingine, akae nayo tu.

Mashine ikitengenezwa lazima ijaribiwe. Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Fundi akasimama mlangoni mwa jikoni na mashine mikononi, akaomba ruhusa. Binti analikumbuka hilo mpaka leo. Mtu mzima alisimama mlangoni, kwenye nyumba aliyoolewa, akamwomba mtoto kona ya meza.

Binti akasogeza vikombe.

Unga wa ngano ulikuwa umebaki kiganja kimoja. Viazi vilikuwepo tele. Fundi akavimenya, akavikwaruza, akapasua mayai mawili, akatia kitunguu, chumvi na pilipili manga, akamimina kwenye mashine na kuifunga. Mvuke ukatoka kama garimoshi. Alipofungua, nusu ilikuwa imeganda juu na nusu chini. Akaibandua kwa bisibisi. Akajaribu tena. Ikaganda tena. Jikoni kukanuka viazi vilivyoungua na waya mpya.

Binti alikuwa kwenye sinki, mgongo umegeuka, anaosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi. Alisikia bisibisi ikikwangua chuma. Alisikia viazi vingine vinakwaruzwa. Kwa mwenye jiko, hayo ni mateso. Uvumilivu ukamwisha.

“Viazi vina maji,” alisema. “Vikamue kwanza.”

Lilikuwa neno la kwanza kumwambia bila kuulizwa. La kwanza tangu fundi ahamie.

Fundi hakugeuka haraka. Alijua, kama anavyojua mtu aliyezoea kushika waya wenye umeme, kwamba kuna wakati wa kwenda taratibu. Akauliza tu, vikamuliwe vipi?

Binti akafuta mikono. Akachukua kitambaa safi, akatia viazi, akasokota, akakamua mpaka maji meupe yakajaa bakuli. Akapaka mafuta kwenye zile sahani za chuma, juu na chini, kila kijumba. Wakafunga. Mashine ikachachatika. Fundi akainamisha sikio, akasema wasifungue mpaka inyamaze. Iliponyamaza wakafungua, na wafo ikatoka nzima, ya kahawia, kingo zinavunjika kwa mlio, katikati laini.

Kitinda mimba akatoa kidole mdomoni.

“Sega,” alisema.

Na kweli ilifanana na sega la asali. Tangu siku hiyo, katika nyumba ile, hakuna aliyesema wafo. Ni masega. Mvulana alikula amesimama, akiunguza ulimi. Baba aliingia, akawaona wote kwenye meza moja, akavuta kiti polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto aliyelala.

Masega yakawa chakula cha asubuhi cha nyumba ile. Fundi alikwaruza na kusikiliza mashine. Binti alikamua na kutia viungo. Mikono ikiwa na kazi, midomo nayo ikalegea. Waliongea habari za shule, za wateja wabishi, na mara moja moja za marehemu mama, ambaye fundi alipenda kuuliza habari zake. Lakini jina lilibaki lilelile. Fundi.

Mwaka wa tatu, baba alianguka kutoka kwenye jukwaa la kupakia rangi, ghorofa ya pili. Hakufika hospitali.

Baada ya maziko, ndugu wa baba walikaa kikao sebuleni. Baba mkubwa ndiye aliyeongoza. Binti anatuomba tuseme wazi kwamba baba mkubwa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyefiwa na mdogo wake. Alipendekeza binti aende kwa shangazi, mvulana aende kwake, na kitinda mimba alelewe na binamu. Kisha akamgeukia mjane. Akamwambia kwamba yeye bado ana nguvu, na watoto hawa si damu yake. Hakuna atakayemlaumu akirudi kwao.

Mjane akasema maneno ambayo binti anayajua kwa moyo.

“Nikisema nawataka, mtasema naitaka nyumba. Nikinyamaza, wao watadhani siwataki. Waulizeni wenyewe.”

Wakakubaliana watoto waulizwe asubuhi.

Asubuhi hiyo binti aliamka akamkuta fundi jikoni. Beseni la viazi lilikuwa mbele yake, maana ndugu wote wangekula. Macho yake yalikuwa mekundu.

“Vitunguu,” alisema fundi.

Vitunguu vilikuwa bado havijamenywa.

Binti akachukua kitambaa, akaanza kukamua. Fundi akakwaruza. Binti alingoja aombwe. Alingoja asikie, mwanangu, usiniache. Hakuombwa. Ndipo akaelewa kwamba mtu huyu hatamvuta mkono. Hakumvuta hata siku ile ya mashine, alipoomba ruhusa mlangoni.

Ndugu walipokaa mezani, baba mkubwa akamuuliza kwa upole angependa kwenda wapi.

“Siendi, baba mkubwa. Na wadogo zangu hawaendi. Tunakaa na mama.”

Baba mkubwa alidhani mtoto amechanganyikiwa kwa msiba. Akamuuliza, mama yupi?

“Huyu hapa,” alisema binti, na sahani ya masega bado mkononi.

Fundi aliinuka akatoka. Binti alimfuata, akamkuta kwenye chumba cha kazi, ameupa mlango mgongo, anafungua pasi ambayo haikuwa na ubovu wowote.

“Niletee bisibisi ndogo,” alisema, bila kuinua uso.

Binti akaileta. Akakaa kwenye kigoda pembeni yake. Walikaa hivyo, bega kwa bega, hadi chai ya wageni ikapoa.

Baba mkubwa hakukasirika. Aliongeza sega lingine. Na kila mavuno, mpaka alipofariki, alileta gunia la viazi, akilalamika kwamba familia hii itamfilisi.

Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, wasikilizaji wapendwa. Mama Waya aliwalea watatu kwa pasi na feni. Mkubwa ni mkunga. Wa kati ni dereva wa gari la wagonjwa. Kitinda mimba ndiye mwenye bisibisi sasa, chumba kilekile.

Mwaka jana kiharusi kilimchukua Mama Waya mkono wa kulia. Meno yalikuwa yameshaondoka. Binti alirudi nyumbani kumuuguza, akampikia masega laini, yasiyokauka. Mama Waya alionja, akatafuna kwa fizi, akatoa hukumu.

“Huu ni uji uliochorwa mistari.”

Walicheka hadi chai ikamwagika. Asubuhi nyingine alimuuliza binti, ghafla tu, kama kweli zamani zile alimchukia. Binti akajibu kwamba ndiyo, sana. Mama Waya akasema alijua, kwa jinsi alivyokuwa akikoroga chai kwa kelele. Kisha akafungua kinywa alishwe.

Leo, msikilizaji, tazama waliokaa mezani kwako. Huenda yupo mmoja aliyefika kwa mlango wa pembeni, ambaye bado hujampa jina. Mfikirie. Muda bado upo.

Kwa familia ya marehemu, kwa wajukuu na vitukuu, kwa wateja wenye feni ambazo bado hamjazichukua, tunatoa pole za dhati. Mungu awape subira.

Na kuna jambo moja dogo. Tangazo la msiba lilipoletwa hapa studio na jamaa mmoja, lilisema marehemu ameacha watoto watatu wa kambo. Binti mkubwa alilisikia likisomwa. Akapiga simu, sauti imekauka kwa kulia, akaomba neno moja liondolewe.

Tumeliondoa. Marehemu ameacha watoto watatu.