Issát Eira na Upepo wa Karasjok

Leo, tarehe 28 Agosti 2015, Issát Eira anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika kituo chetu cha utafiti visiwani Svalbard, miaka thelathini na mmoja mbali na Karasjok, Norwe bara, alikozaliwa. Ombi lake la kuaga lilikuwa moja tu: aruhusiwe kurudi kila kiangazi kutazama vigoga.

Vigoga ni ile mimea mifupi ya kijani inayotanda juu ya mawe yenye unyevu. Huku kaskazini huchukua miaka kukua urefu wa ukucha. Issát aliajiriwa kuendesha magari ya theluji, akaishia kuwa mlinzi wa vigoga.

Mapema kabisa aliweka sheria: zulia lile la vigoga halikanyagwi kwa buti. Viatu huvuliwa mlangoni, na mlango ni jiwe kubwa lililo ukingoni mwake. Waziri mmoja aliyetutembelea alisita, mguu mmoja hewani.

"Mheshimiwa, kwa mama yako unaingia na matope?" Issát alimuuliza.

Waziri akavua. Soksi yake ilikuwa na tundu, nasi tukazidi kumheshimu.

Issát mwenyewe hakuvaa soksi. Kama wazee wake Wasami, wenyeji wa kaskazini ya mbali, alijaza nyasi kavu ndani ya buti, nyasi alizokatiwa na dada yake Risten huko nyumbani. Pale jiweni alikung'uta zilizochakaa, akaweka mpya. Kwa nje, hapakuwa na buti zilizosuguliwa kwa brashi zaidi ya zake.

Daktari Torbjørg Lauvås, mkuu wetu wa utafiti, alikuwa na kitendawili. Vigoga vya kwingine kisiwani vilifanana kwa vinasaba kama mapacha. Vya pale jiweni vilikuwa na koo nyingi, kila mwaka ukoo mpya, zote jamaa za vigoga vya Karasjok. Akahitimisha kwamba upo upepo unaovuka bahari kila kiangazi na kutua penye jiwe lile lile. Aliuhutubia ulimwengu kuhusu upepo huo. Tulimpigia makofi.

Msimu wa baridi uliopita, wakati wa kahawa, alimgeukia Issát.

"Dada yako anakata wapi zile nyasi?"

"Kando ya mto, penye vigoga."

"Na vigoga hamvitoi?"

"Tuvitoe kwa nini? Ndivyo vinavyoshika joto."

Daktari akaweka kikombe chini. Mpishi wetu Oddmund akasema, "Basi upepo wenyewe ndio huo, na umemaliza maziwa."

Kikao kikaitwa. Wengine walitaka vigoga ving'olewe kama wageni wasio na kibali. Daktari alikataa: sasa tunavyo vigoga ambavyo aliyevipanda anajulikana, na tunaweza kuona vikisambaa vyenyewe. Lakini utafiti huo utaharibika upepo ukivuma tena. Tulipendekeza Issát aje pekupeku. Maabara ikapima nyayo zake, ikakuta koo mbili za vigoga.

Tukageuka kumtazama. Aliyesema ni yeye.

"Mnanitazama nini? Mtoto akishaanza kutembea, mnamwachia mkono. Andikeni uamuzi."

Issát, ahsante kwa kazi uliyojua unaifanya na kwa ile usiyoijua. Mto ukupe samaki, na miguu yako isikose joto. Vigoga vitabaki. Issát Eira hatarudi Svalbard.