Oluka na Fyuzi ya Ampea Kumi

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Leo tunamkumbuka Yakobo Oluka, fundi wa redio wa Malaba, aliyetutoka mwezi uliopita, mwaka huu wa 1969. Oluka, fundi wa redio. Kama redio yako iliwahi kukohoa upande ule wa mpaka, huenda ni yeye aliyeitibu.

Alikuwa na mikono mizuri na wivu mbaya. Tutausema, maana mwenyewe alitaka usemwe.

Mwaka 1964 jirani yake, Okedi, alirudi kutoka Nairobi na amplifaya na spika mbili za tarumbeta. Okedi, ambaye hata bisibisi hakujua kuishika! Basi harusi zote zikawa za Okedi. Kanisani, Okedi. Sokoni, Okedi. Oluka, aliyesomea ufundi miaka minne kule Tororo, akabaki na redio za kukwaruza. Wivu ulimkaa kooni kama mfupa wa samaki. Siku moja mkewe, Asio, alisema tu, "Baba Akol, sauti ya Okedi leo imefika mpaka Kocholia." Oluka akasukuma sahani.

Wiki ya harusi ya Alaso, dada yake Okedi, mashine ilizima. Okedi akaja mbio kibandani na kifyuzi cha kioo mkononi. "Boss, fyuzi imekufa. Nipatie ingine, harusi ni Jumamosi."

Oluka akaiinua juani. Kioo kisafi, uzi umekatika katikati tu. Ilichoka, basi. Kwenye kofia ya bati ya ile fyuzi imeandikwa ampea mbili, tena ile aina inayovumilia mshtuko wa kuwasha. Ampea mbili. Ndani ya kopo lake la majani ya chai ilikuwemo moja kama hiyo. Aliiona. Vidole vikaipita, vikachukua ya ampea kumi.

"Hii ni ngumu," akasema. "Haitakatika tena."

Na kweli haikukatika. Kazi ya fyuzi ni kufa mapema ili mashine ipone. Jumamosi, baba wa bibi harusi alipoinua mkono kubariki, valvu moja ikapiga shoti. Fyuzi ya ampea mbili ingekatika palepale. Ile ya kumi ikakaa imara, transfoma ikaungua, moshi ukapanda. Baraka za mzee zikasikiwa na watu wa mbele peke yao.

Baadaye wazee wakazunguka chungu cha ajono, pombe ya wimbi, kila mtu na mrija wake. Watu wa pale hawatii mrija katika chungu kimoja na mtu waliyemdhuru kwa siri. Okedi, macho mekundu kwa moshi, akampa Oluka mrija kwa mikono miwili.

"Keti, ndugu yangu. Fyuzi yako ilikuwa mzuri. Mashine ndio mbaya."

Oluka hakuketi. "Si mashine, ni mimi. Mzuri nilikuwa nayo, nikakupa mbaya. Nilikuonea wivu."

Okedi akauchukua tena ule mrija, akaenda zake. Miezi minne hawakusalimiana. Miezi minne Oluka, aliyeibeba mashine iliyoungua hadi kibandani, fyuzi yake ikiwa ndani, aliisuka ile transfoma upya kwa mkono, waya juu ya waya, kisha akampelekea. Okedi akawasha. Ikaimba. Hapo akacheka, akamwita mkewe alete chungu.

Tangu siku hiyo hukununua fyuzi kwa Oluka bila kuleta iliyokufa, hata kama umetoka Busia kwa baiskeli. "Leta maiti kwanza," alikuwa akisema. "Nisome kofia."

Okedi ndiye aliyefunga spika mazishini. Asio anatuambia kwamba katika mfuko wa shati la kazi la marehemu walikuta ile fyuzi ya ampea kumi. Okedi akaiinua juani. "Angalieni," akasema, "bado nzima." Kisha akalia.

Mama Asio, Akol na wadogo zako, nawe mzee Okedi, poleni sana. Nasi tuliobaki tujiulize: ni nani tuliyempa ya kumi, huku ya mbili tumeiona koponi? Mwendee leo, angali na mrija wa kukupa.