Meja Kwenye Mizani ya Alizeti

Kijiwe hiki cha Nduguti kiko nyuma ya ofisi mpya ya halmashauri, upande ambao rangi haikufika. Benchi moja, birika moja la kahawa, na wazee ambao hawajawahi kukubaliana hata kuhusu sukari. Asubuhi hiyo alikuwapo pia Meja, mbwa wa Mzee Hezekia, mbavu nje, akijiburuza matako mchangani bila haya. Hezekia hakucheka. Mkewe, Winfrida, alikuwa ameokota mkekani kitu kama punje ya mchele, nacho kinatembea. Akasema kwa upole uliomtisha mumewe: Jumapili ikifika hali ikiwa ile ile, Meja anapelekwa Itigi kwa shemeji, na asiulizwe tena.

— Hiyo minyoo ya maziwa, alisema Bonaventura, anayeitwa Profesa kwa kuwa aliwahi kulinda geti la chuo. — Maziwa yanaganda tumboni, yanapata uhai.

— Meja hajaonja maziwa tangu azaliwe, alisema Hezekia.

— Basi ni ile hamu ya maziwa.

Antipasi, yaani Redio, alikuwa na taarifa kamili zaidi.

— Minyoo imekuja na ofisi. Zamani mbwa alikula mfupa, akashukuru. Siku hizi anakula mabaki ya semina.

— Mbona maafisa wanakula hizo semina na hawajiburuzi?

— Wana viti vya kuzunguka, Hezekia. Utajuaje?

Laurian, mnunuzi wa alizeti, jina la kijiweni Gunia, alikuwa na dawa.

— Mchanganyie ugoro kwenye ugali. Wangu nilimpa.

— Akapona?

— Alihama.

Hezekia akashusha kikombe.

— Ofisini nimekwenda. Wakasema niandike barua. Nikaandika. Wakasema haina namba ya kumbukumbu. Nikaomba namba.

— Wakakupa?

— Namba inaombwa kwa barua.

Benchi zima likatikisa kichwa kwa heshima.

Ndipo akapita Dorika, afisa mifugo mgeni, wiki yake ya tatu pale, mkoba begani.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, mama.

Hakuuliza barua. Alichuchumaa, akainua mkia wa Meja, akapekua manyoya.

— Huyu ana minyoo ya tegu. Anawapata kwa viroboto; akijilamba anawameza. Dawa ninayo, mzee, ila na viroboto muwaondoe, la sivyo mwezi ujao tutakuwa hapa hapa. Ana kilo ngapi?

— Kumi, alisema Profesa.

— Arobaini, alisema Redio.

— Dawa inakwenda kwa uzito. Nikipunja, tegu hafi.

Ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda cha Laurian, ilining'inia mizani ya alizeti. Meja akatiwa kwenye gunia, kichwa nje, akapandishwa. Akawa anawatazama kama diwani aliyekosa kura. Mshale ukasimama kwenye kumi na mbili.

Dorika akatoa kalamu. Akamtazama Meja, akautazama mshale.

— Hii mizani inapima sawasawa?

Profesa akapata wingu la kuangalia. Redio akachungulia kikombe alichokuja nacho, ambacho kilikuwa kitupu. Misimu sita wote walikuwa wamepimia pale alizeti yao, na swali hilo kila mmoja alikuwa nalo nyumbani kwake. Mbele ya mwenye mizani halikuwahi kutoka. Hezekia naye angelimeza tena, kwa sababu Laurian ni jirani na ndiye mnunuzi pekee wa karibu. Lakini Jumapili ilikuwa keshokutwa.

— Gunia, akasema taratibu. — Huyu si alizeti.

Laurian akavua kofia, akajifuta shingo, akaivaa tena.

— Ongeza tatu.

Dorika akaandika kumi na tano, akahesabu vidonge, akaomba ugali wa kuvifichia. Meja akameza bila kutafuna. Hezekia akamshika kichwa, akihakikisha hatemi.

Nyuma yao Redio alikuwa ameanza kukunja vidole, kimoja kimoja, msimu kwa msimu, na midomo yake, kwa mara ya kwanza tangu benchi lile liwekwe, ilikuwa inatembea bila sauti.