Mshipi wa Kilo Moja: Wasifu wa Marehemu Beno Alfonsi Challe, 1956–2025

Ndugu waombolezaji, mliopata viti na mliosimama juani, poleni na msiba, na asanteni kwa kuja. Marehemu aliagiza mapema kwamba wasifu wake usomwe na Selina, na usiwe mrefu, maana watu wa Kariakoo wana maduka ya kufungua. Agizo la kwanza nimelitii. La pili nitajitahidi.

Marehemu Beno Alfonsi Challe alizaliwa tarehe 14 Agosti 1956 katika kijiji cha Lundu, kando ya Ziwa Nyasa. Wazazi wake, mzee Alfonsi Challe na mama Ernesta, walizaa watoto watano, wakabakiwa na wawili. Wa kwanza alikuwa marehemu. Wa pili alikuwa Rogath, aliyezaliwa mwaka 1962, ambaye ndiye baba yangu mzazi. Naomba mlikumbuke jina hilo la Rogath, kwa sababu marehemu hakupitisha siku bila kulikumbuka.

Alisoma Shule ya Msingi Lundu kuanzia 1964 hadi 1970. Alikuwa mzuri wa hesabu, ila daftari lake lilikuwa na ndoana zilizochomekwa katikati ya kurasa, na mwalimu alichomwa kidole mara mbili. Shule yake hasa ilikuwa juu ya mawe ya ziwani. Huko alivua samaki wa mawe, vituwi na magege wadogo, kwa uzi aliofumua kwenye mifuko ya mbolea, mdogo wake akiwa pembeni. Uzi ulikuwa mali. Ili usije ukaponyoka na kuzama, watoto wa Lundu walifunga ncha yake kwa kitanzi kwenye kifundo cha mkono. Haikuwa na hatari yoyote, kwa kuwa samaki akizidi nguvu uzi unakatika, na mtoto anabaki juu ya jiwe akilia. Rogath alifundishwa kitanzi hicho na kaka yake akiwa na miaka mitano.

Mwaka 1976 marehemu aliingia Dar es Salaam na kuanza kubeba mizigo Kariakoo. Mwaka 1979 mzee Talha, mwenye duka la misumari na makufuli Mtaa wa Mchikichi, alimpa kipande cha baraza la duka lake auze vifaa vya uvuvi. Muhiddin, mtoto wa mzee Talha, yuko nasi hapa leo. Anaweza kushuhudia kwamba baraza lile halikuwahi kukosa mtu wa kubishana naye.

Ubishi wenyewe ulikuwa mmoja kila siku. Mteja anataka mshipi mnene na ndoana kubwa, na marehemu hataki kumuuzia. Alikuwa mfanyabiashara wa ajabu. Alipenda mshipi unaobeba kilo moja, kilo mbili kwa wabishi, na ndoana ndogo kuliko kucha ya mtoto. Chambo cha bandia alikitengeneza mwenyewe kwa manyoya ya jogoo kutoka kwa wachinja kuku wa Kisutu na karatasi ya fedha ya sigara, akikifunga hadi kikawa saizi ya punje ya mchele. Maji yakiwa ya udongo baada ya mvua, alikupa cheupe. Yakiwa maangavu, alikupa cheusi.

"Mzee, huu ni mshipi au unywele?" wateja walimtania.

"Chaa ana mdomo wa kunyonya, hana wa kung'ata," alijibu. "Wewe unamletea kamba ya kufungia ng'ombe. Unakwenda kuvua au kuchunga?"

Halafu alikupima. Alikwambia ufumbe macho, anakushikisha mshipi kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, naye anaingia nyuma ya pazia la duka na ncha ya pili. Huko anaugusa mara moja, kwa wepesi, kama samaki anayeonja. Ukisikia, mshipi huo ni wako. Usiposikia, anaupunguza unene mpaka usikie. Wengi wenu hapa mmesimama barazani pale mmefumba macho kama waumini, na mchuuzi wa maji akiwacheka.

Tarehe 9 Mei 1981 alifunga ndoa na Leticia katika Kanisa Katoliki Msimbazi. Mama Mkubwa Leticia alikuwa mkaangaji wa samaki pale Feri, na alikuwa hamjali muuza mishipi hata kidogo. Siku moja marehemu alimpelekea chaa kumi na wawili, wote urefu mmoja, akawapanga kwenye kikaango chake wakaenea bila kubaki nafasi wala mkia kuning'inia. Mama Mkubwa anasema hakutazama samaki. Alitazama kwamba mtu huyu alikuwa amepima kikaango chake kwa macho, kwa siku kadhaa, bila kusema. Walijaliwa watoto wawili, Shukuru na Stella.

Mwaka 1985 Rogath alimfuata kaka yake mjini akawa fundi viatu Gerezani. Mimi nilizaliwa mwaka uliofuata. Mama yangu alifariki nikiwa na miaka mitatu, tukabaki wawili, mimi na baba.

Jumamosi tarehe 12 Juni 1993, mnamo saa saba mchana, Rogath Challe alifariki kwa kuzama majini Kivukoni, karibu na pantoni inapopakia. Mwili ulipatikana siku ya pili upande wa Kigamboni. Tuliambiwa aliteleza kwenye jiwe. Nilikuwa na miaka saba. Marehemu alinichukua siku hiyohiyo, akanilea, akanisomesha, akaninunulia cherehani yangu ya kwanza, na hakunitofautisha na Shukuru na Stella hata kwa kipande cha sabuni. Neno "aliteleza" nimeishi nalo miaka thelathini na mmoja.

Baada ya msiba ule, mambo mawili yalibadilika kwa marehemu. La kwanza, aliondoa dukani kila mshipi unaozidi kilo mbili, akasema biashara hiyo wafanye wengine. La pili ni kidole. Kila siku mnamo saa saba mchana, kidole chake cha shahada cha mkono wa kushoto kilikuwa kinanyooka. Hata kama anahesabu ndoana, hata kama ana tonge mkononi, alinyamaza akakiinua mbele yake, akisikiliza. "Subiri," alisema. "Anavuta." Wateja walidhani ni mbwembwe za dukani, na wengine walicheka. Sisi nyumbani hatukucheka. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikikishika kidole hicho kwa mikono miwili nikikivuta kwangu, ili huyo mwingine asikichukue. Sikujua ninavutana na nani.

Mwaka 2019 marehemu aligundulika kuwa na kisukari. Mwaka 2023 alikatwa mguu wa kulia chini ya goti. Siku ya upasuaji alimwomba daktari, kwa adabu kabisa, amkate na kidole kile. Daktari alikitazama akasema, "Mzee wangu, hiki ni kizima." Marehemu akamjibu, "Ndiyo shida yake."

Jumapili tarehe 16 Februari mwaka huu, akiwa amelazwa, aliwatoa wote chumbani akabaki na mimi. Aliyoniambia nayaandika hapa jinsi alivyoyasema.

Asubuhi ya siku ile ya mwaka 1993 baba yangu alikwenda barazani. Alisema, "Kaka, leo nipe mshipi wa kiume. Selina kanichosha. Anasema kila siku chaa wadogo wa miiba, yeye anataka samaki anayezidi sahani, kama wa kwa kina Nour." Kina Nour walikuwa majirani zetu wa nyumba ya mbele. Marehemu alibisha kama kawaida yake. Lakini wateja walikuwa wamejaa, akachoka kubishana, akachomoa roli la chini, mshipi wa kubeba kilo arobaini, akampa. Hakumpima.

"Alipofika pembeni pale kwenye vitenge ndipo nikakumbuka kitanzi," aliniambia. "Nilimfundisha mimi. Nilijua ataufunga mkononi kama tulivyofunga Lundu, na mshipi ule haukatiki. Nilifungua mdomo nimwite. Mteja akaniuliza bei. Nikasema moyoni, atakumbuka mwenyewe."

Yeye na mzee Talha ndio waliokwenda kuutambua mwili. Kitanzi kilikuwa bado kifundoni. Marehemu alikikata kwa wembe, akakiweka mfukoni, akatoka nje akatuambia sote kwamba Rogath ameteleza. Samaki aliyekuwa ncha ya pili hajulikani mpaka leo.

Kisha akaniuliza, "Selina, utanisamehe?"

Nilichukua mkoba wangu nikatoka, na sikurudi hospitali siku kumi na sita. Mliokuwa mkiniulizia na kuambiwa Selina ana kazi nyingi za kushona, mlidanganywa. Nilikuwa nyumbani nimekaa. Nilimkasirikia, tena sana, na nataka niseme kwa nini. Siyo kwa kumpa baba ule mshipi. Nilimkasirikia kwa kuniambia samaki yule alikuwa wa nani. Miaka yote nilikuwa mtoto aliyefiwa. Kwa dakika tano akanifanya mtoto aliyeagiza.

Imenichukua siku kumi na sita kuliona ambalo mtu mwingine angeliona mara moja. Angeweza kuungama zamani akautua mzigo wake. Hakuweza kuutua bila kunitwisha mimi wangu, kwa hiyo aliubeba, akanipeleka shule, akasaini ripoti zangu, akacheza ngoma harusini kwangu, na kila saa saba akainua kidole. Alisema alipoona tu kwamba anaondoka, na kwamba ninazo nguvu.

Jumanne tarehe 4 Machi nilijiandaa kwenda kumjibu. Nikiwa natafuta viatu, Stella alinipigia simu. Marehemu alikuwa amefariki dakika chache kabla ya saa saba mchana. Stella anasema kidole hakikunyooka siku hiyo, kilibaki kimekunjwa. Nimechelewa, ndugu zangu. Nimechelewa kwa sababu ileile yake: nilijua la kusema, nikajiambia lipo baadaye.

Wazee wa ukoo waliposoma rasimu hii waliniomba niyatoe haya yote, niache alizaliwa, alisoma, alioa. Walisema marehemu hasemwi. Nilimpelekea Mama Mkubwa Leticia aamue yeye. Alikuwa amekaa mkekani, hajala. Nilimsomea mpaka mwisho. Akasema hivi:

"Siku ile nilikuwa kikaangoni kwangu pale Feri. Nilimwona Rogath akisimama. Alienda hatua tatu, mkono mbele, kama mtu anayeshikwa mkono na mwenziwe. Hakuteleza. Nikajua ni mshipi, na nikajua umetoka baraza gani. Nikanyamaza, nikidhani Beno hajui. Nikasema akijua atakufa."

"Mama, na yeye alinyamaza akidhani hujui."

"Ndiyo nasikia sasa hivi." Akafuta macho kwa ncha ya khanga. "Miaka yote hiyo, mwanangu, nyumbani kwangu nilipakua chakula cha watu wawili na kulisha watatu. Isome. Isome yote, Rogath aisikie, atoke."

Basi nimeisoma.

Kwenye kopo la maziwa ya unga chini ya kitanda cha marehemu tulikikuta kile kitanzi. Kimekauka na kimekuwa cha njano, lakini bado ni kigumu. Mimi na Shukuru tulikichoma jana uani. Kisha nilikwenda Mtaa wa Mchikichi, Muhiddin akanifungulia, nikakata pima nne za mshipi wa kilo moja. Nilifumba macho, nikamwomba Muhiddin aende nyuma ya pazia anipime. Nilisikia.

Ncha moja ya mshipi huo nimeifunga kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kushoto wa marehemu, na imepita chini ya kifuniko cha jeneza. Ncha ya pili ninayo mimi. Mtakaponiona nimesimama ukingoni mwa kaburi na kidole kimenyooka, msiogope, na mtu asinisaidie. Nitauvuta mara moja, kwa wepesi, kama alivyotufundisha. Hilo ndilo jibu langu, na ni ndiyo. Ndiyo, Baba Mkubwa. Nami niombee kwa Rogath, umwambie chaa wale walikuwa watamu. Baada ya hapo jeneza litaendelea kushuka, na mshipi utakatika wenyewe. Mshipi mwembamba kazi yake ni hiyo.

Marehemu ameacha mjane, Leticia, watoto watatu, Selina, Shukuru na Stella, kwa mpangilio aliokuwa akiutaja yeye mwenyewe, wajukuu sita, na baraza moja Mtaa wa Mchikichi, ambalo Shukuru atalifungua Jumatatu. Mshipi unaozidi kilo mbili msiuulizie.

Apumzike kwa amani Beno Alfonsi Challe, na asivutwe tena na mtu.