Neno Moja, Maana Moja

Asubuhi za Butembo ukungu huteremka vilimani ukatulia barabarani kama mgeni asiye na haraka. Ndani ya ukungu huo, miaka ile ya vita, wateja wa Mama Mariette walikaa kwenye benchi yake wakinywa kahawa: Mwalimu Salomon, ambaye shule yake ilikuwa imefungwa, Mathe fundi wa redio, waliyemwita Antenne, na Ézéchias wa kwaya, waliyemwita Bémol.

Salomon alikuwa anatunga luga mpya. Kila neno maana moja, basi. Hakuitunga kwa mchezo. Mdogo wake Delphin alikuwa amebeba vidonge vya malaria kwenda Oicha. Kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, askari walimuuliza amebeba nini, akajibu: dawa. Wao wakasikia dawa ya wanamgambo wa Mai-Mai, ile ya kuzuia risasi. Hakufika Oicha. Tangu siku ile Salomon alilala na maneno na kuamka na maneno, akiyatenganisha kama mtu anayechambua maharagi.

Asubuhi moja Antenne alidai kwamba luga hiyo ikisomwa redioni vita itakwisha, maana hakuna atakayeweza tena kuuita wizi ulinzi. Bémol akaenda mbali zaidi: hata ukungu utaelewa, ukiambiwa panda utapanda. Salomon alifumba macho akauona ukipanda kweli, na barabara ikibaki wazi, safi, hadi Beni.

Kwenye ncha ya benchi alikuwa amekaa mama mmoja, Kavira, aliyekimbia kutoka Luofu. Alikuwa akisikiliza tu.

— Mwalimu, akasema, mu ile luga yako, nikitaka kusema bwana yangu haiko, nitasema aje?

Salomon akafurahi. Akamweleza kwamba Kiswahili kinachanganya pale: *haiko* ni wa mbali, na ni wa kufa pia. Yeye ametenga: *belo* ni mtu aliye mbali lakini anaishi, *tila* ni mtu aliyekufa. Achague.

— Alienda shamba siku basoda ba vita balifika. Mimi nilikimbia na batoto. Hakuna mutu alimuona.

— Donc hujue kama anaishi ao alikufa.

— Sijue. Sasa neno yangu iko wapi?

Salomon alitafuta kichwani, neno kwa neno, na kila alilogusa lilikuwa ama linamzika yule mtu, ama linamrudisha nyumbani. Akatambua kwamba mama huyu alikuwa anaishi ndani ya *haiko*, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa anataka kumtoa humo.

— Sina, mama, akasema mwishowe.

— Basi niachie ile ya Kiswahili.

Mariette akainamisha birika; likatoa masimbi ya kahawa matupu. Salomon akasogea karibu na Kavira.

— Bwana yako anaitwa nani?

— Anaitwa Timothée.

— Anaitwa Timothée, akarudilia Salomon, polepole, bila kubadilisha kitu.