Milunka Stanojčić, Mwalimu wa Masikio

Wapendwa waombolezaji, mimi ni Tijana, mjukuu wa marehemu, familia imenituma nisome, mnivumilie, nitasoma haraka haraka kabla sauti haijanikimbia.

Bibi yetu Milunka Stanojčić alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 katika kijiji cha milimani nyuma ya Ivanjica, binti wa mhunzi, akasoma shule ya msingi hapo hapo, sekondari Čačak, kisha Belgrade alikohitimu ualimu wa watoto viziwi mwaka 1972, kazi aliyoifanya hapa Kragujevac hadi alipostaafu mwaka 2009, na wanafunzi wake wamejaa humu, nawaona wakitafsiriana maneno yangu kwa mikono. Aliolewa na babu Ljubiša tarehe 6 Oktoba 1974, wakajaliwa mjomba Nenad na mama yangu Gordana.

Bibi hakuweza kumenya kiazi bila kufundisha sikio, kwamba jani la nje linakusanya sauti na kuipitisha kwenye mfereji hadi kwenye ngozi iliyowambwa kama ya ngoma, ngozi ikitikisika inatikisa mifupa mitatu midogo sana, nyundo, fuawe na kikuku, “karakana nzima ya baba,” alikuwa akisema, halafu kikuku kinabisha dirisha la konokono, kijifupa kilichojipinda kama kombe la konokono na kujaa maji, maji yanacheza, vinywele vya ndani vinainama, na mshipa wa fahamu unapeleka habari kwenye ubongo.

Februari mwaka huu aliugua kongosho, na hapo hapo hofu ikanishika mimi, kwani mwanangu Vukan, wa miezi kumi, nikimwita hageuki, nikaogopa hata kwenda kwa daktari nisije nikaambiwa, mwishowe tarehe 10 Mei nikamlaza kitandani kwa bibi, nikalia, na mtoto naye akalia. Bibi akaomba uma wake wa chuma unaovuma ukigongwa, akaugonga gotini, akaegemeza mpini wake kwenye paji la mtoto, Vukan akanyamaza, akacheka.

“Futa machozi, Tijana, nadhani konokono mzima, sauti imepita mfupani, tutazame mlangoni mwa sikio. Hebu mvue hizo kofia.”

Zilikuwa mbili, mwezi wa Mei, maana sisi upepo unaopita kati ya mlango na dirisha tunauogopa kuliko mbwa mwitu, na nilipozivua pamba ikaonekana, kumbe mama mkwe wangu Spasenija, aliyekuwa nasi chumbani, alikuwa akimtia mtoto pamba masikioni tangu theluji, iliyozama akaiongezea nyingine.

“Spasenija, mkwe wangu, mtoto umemtia kizibo kama chupa ya pombe ya rakija!”

“Ungesikia alivyokuwa akikohoa!”

“Kwani alikuwa akikohoa kwa masikio?”

Wakacheka wote wawili, mpaka bibi akaomba maji.

Kesho yake daktari akazitoa zile pamba kwa koleo dogo, bakuli la chuma likamponyoka, Vukan akashtuka akapiga yowe, nikampigia bibi simu asikie, akasema, “Huyo! Usimbembeleze kwanza, niendelee kusikiliza.” Siku zilizobaki alimwimbia kwa kunong'ona, na mtoto akimgeukia, hadi alipofariki tarehe 29 Mei, alfajiri, nyumbani kwake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika ngano tamu ya kumkumbuka marehemu, walimu wenzake, na wewe mama mkwe, uliyekesha naye hadi mwisho. Kama alivyoagiza, tarumbeta zitapigwa kaburini, kwa nguvu, na Vukan atalia kwa nguvu zaidi, tafadhali mtu asimnyamazishe.

Pumzika, Bibi, kwa amani yote.